Mpiga Picha Aliyetufundisha Wawili

Mpiga Picha hakuwahi kumwambia mtu acheke. Wateja walifika studio kwake, pale Moshi mjini, wakiwa wameshajiandaa, meno nje, naye alikaa nyuma ya kamera akiwasubiri wachoke. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mteja akiuliza, "Mzee, vipi, mbona hupigi?" alijibu, "Nakungoja wewe. Huyu aliyekaa hapo simjui." Mtu akashusha pumzi, mabega yakalegea, na hapohapo kamera ikalia. Wengi walizichukia picha zao siku ya kuzichukua. Miaka ikipita walirudi kuziomba tena, hasa kama aliyemo alikuwa amefariki.

Sitasema alizaliwa wapi wala wazee wake waliingiaje nchini, kwa sababu hakupenda kuulizwa. Mgeni akimuuliza kwao ni wapi, alinyoosha kidole kwenye mlango wa studio. Alikuwa Mhindi kwa sura na kwa chakula, maana hakula nyama, lakini Kiswahili chake kilikuwa hikihiki chetu cha mlimani, na kina bibi wa upande wa Mwika aliwasalimu kwa Kichagga mpaka wakashika viuno kwa kucheka. Watu walimwita Mzee. Sisi, tukiwa wenyewe, tulimwita Mpiga Picha, kana kwamba mji mzima haukuwa na mwingine.

Nasema sisi, yaani mimi na Mkunde. Mkunde ni binti wa baba yangu mdogo. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukakulia kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo, kule Mwika, kati ya kahawa na migomba, tukila kwenye sufuria moja ya bibi yetu aliyewazaa baba zetu. Siwezi kumweleza Mpiga Picha bila kumtaja Mkunde, na hilo peke yake linaniudhi mpaka leo.

Tulimfahamu siku ya kipaimara cha kaka yangu. Tulikuwa na miaka tisa. Alipanda kutoka mjini na vespa, begi la ngozi kifuani, na pikipiki ilipokishindwa kile kilima cha mwisho akaja akiisukuma kati ya migomba, suti imejaa vumbi. Kamera yake ilikuwa ya kuchungulia kwa juu: unaishika tumboni, unainamisha kichwa kama mtu anayesali, na kwenye kioo kidogo unawaona watu. Nilimsogelea mpaka akanikanyaga.

"Unataka kuona?" akaniuliza.

Nikainama. Uwanja wetu, uleule niliokuwa nimeufagia asubuhi kwa hasira, ulikuwa umeingia kwenye kioo kisichofika hata kiganja, nao ulikuwa unang'aa. Aliyekwenda kulia alionekana akienda kushoto. Baba mdogo akapita na ndoo ya pombe ya mbege, mfupi kama kidole, na hapo ndipo nilipoona kwamba anachechemea. Nilikuwa nimeishi naye miaka tisa. Nilitamani nibaki mle ndani nisitoke tena, na kwa kweli sijatoka.

"Umeona nini?"

"Nimemwona kaka na maua yake," nikasema, kwa kuwa nilidhani hilo ndilo jibu linalotakiwa.

Akampa Mkunde naye achungulie. "Na wewe?"

"Bibi amejificha nyuma ya mgomba," Mkunde akasema. "Hataki kupigwa, lakini anataka kuona."

Mpiga Picha akaigeuza kamera polepole, akapiga. Kisha akamwekea Mkunde mkono kichwani. Mkono ule haukufika kwangu. Yule baba mdogo anayechechemea alikuwa wangu, nilikuwa nimemwona mimi peke yangu, nikashindwa kumsema kwa wakati. Nilikaa naye kooni siku nzima, hata wali wa sherehe sikuuonja.

Tulipoingia darasa la tano tuliletwa mjini kwa shangazi yetu, mtaa wa Soweto, ili tusome huko. Jumamosi ya kwanza nilimburuta Mkunde mpaka studio. Nataka ieleweke kwamba mimi ndiye niliyemburuta. Yeye alitaka twende sokoni tukale miwa.

Studio ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya dawa na ya ubani. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa Mlima Kilimanjaro, theluji nyeupe kama povu la sabuni na twiga wawili waliosimama mahali ambapo twiga hawawezi kusimama. Ukifungua dirisha unauona mlima wenyewe, kama mawingu yameruhusu, lakini wateja walilitaka pazia. Mpiga Picha alilichukia. Alilitia rangi upya kila mwaka kwa mkono wake mwenyewe. Nyuma ya mlango lilining'inia koti moja jeusi na tai iliyokwishafungwa, kwa ajili ya waliokuja kupiga picha za vitambulisho bila koti. Nusu ya wanaume wa mji ule wana koti moja kwenye makaratasi yao. Nilishawahi kukaa kwenye mazishi, picha za marehemu na ndugu zake watatu ukutani, wote wamevaa koti lilelile.

Alitupokea bila maswali. Mimi nilipewa mkasi wa kukatia picha ndogo. Mkunde aliambiwa aingie kwenye chumba cha giza amshikie saa ya kuhesabu dakika. Nikabaki nje nakata vichwa vya watu, nikisikia maji yakimwagwa ndani na Mkunde akicheka. Zamu yangu ya kuingia ilikuja baadaye sana, nami nilijifunza kila kitu kwa bidii: dawa ipi inatangulia, filamu inazungushwaje, karatasi inatingishwaje kwenye beseni mpaka uso wa mtu uanze kuja. Sikumwaga hata tone. Mkunde alimwaga, akasahau saa, akachelewa, akaja na mikono ya maembe. Picha zake ndizo zilizobandikwa karibu na dirisha.

Hukumu ya Mpiga Picha kwa kazi yangu ilikuwa maneno mawili. Aliishika picha, akaiinua kwenye mwanga, akaniambia, "Uko mbali." Nilisogea. Wiki iliyofuata: "Uko mbali." Nilisogea mpaka nikampiga mama muuza ndizi pua peke yake. Mpiga Picha alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema, "Mama umemfikia. Bado uko mbali." Sikuelewa, nikamchukia kidogo. Mkunde alielewa bila kuelezwa, na hata hakujua kwamba kuna kitu cha kuelewa. Alikuwa akipiga picha kama anavyopiga chafya. Mimi nilikuwa nikilala nikiota mwanga. Kama mapenzi yangekuwa ndiyo kipimo, ningemshinda asubuhi na mapema.

Ukali wake ulikuwa kwenye mambo ambayo wengine hawakuyaona. Ungeweza kuvunja glasi, ungeweza kusahau mlango wazi, akanyamaza. Lakini alikuja tajiri mmoja mwenye kovu shavuni akataka lifutwe kwenye picha kwa penseli, kama mafundi wengine walivyokuwa wakifanya. Mpiga Picha akamwambia, "Kovu silo langu. Siwezi kutoa mali ya mtu." Yule bwana akafoka, akamtajia watu wakubwa anaofahamiana nao. Mpiga Picha akaifungua kamera mbele yake, akatoa filamu, akamkabidhi mkononi. "Chukua uso wako wote." Mchana kutwa alikunywa chai bila sukari.

Na mtu huyohuyo alikaa siku tatu akipekua maboksi ya viatu, mahali alipohifadhi filamu za miaka yote, kwa sababu mjane mmoja kutoka Masama alikumbuka kwamba marehemu mume wake aliwahi kupita nyuma ya watu kwenye picha ya harusi ya jirani. Aliipata. Mwanamume yule alikuwa mdogo kama punje ya mchele. Mpiga Picha akamkuza mpaka akawa ukungu wenye kofia. Mama yule aliitazama akalia, akasema, "Ndiye. Anavyoinama, ndiye." Nakumbuka nilijiambia: siku moja mtu atanililia hivyo mbele ya picha yangu.

Alikuwa ametupatia kamera moja ya zamani tugawane, wiki yangu, wiki ya Mkunde. Nayo ilikuwa ya kuchungulia kwa juu, filamu yake picha kumi na mbili tu. Mlango wake wa nyuma ulikuwa umelegea, kwa hiyo tuliufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. "Mpira ukiachia, mwanga unaingia, kazi imekwisha," alituonya. "Na mtajua ni mwanga. Dawa mbovu huifanya filamu iwe hafifu. Mwanga huifanya nyeusi."

Tulikuwa na miaka kumi na mitatu bibi alipoanza kuumwa. Shangazi alitupandisha Mwika mwisho wa wiki, na wiki ile kamera ilikuwa ya Mkunde. Ijumaa nilikwenda kwa Mpiga Picha peke yangu, nikamwomba abadilishe zamu.

"Ni bibi yangu pia," nikamwambia.

"Najua. Lakini kwa Mkunde bibi hajifichi."

Alisema kwa upole, na labda ilikuwa kweli, ndiyo maana sikuweza kuibeba. Kwa siku mbili nilimwangalia Mkunde akimfuata bibi jikoni, zizini, uani, kamera tumboni, na bibi hata hakugeuza shingo. Walikuwa kama watu wawili wanaozungumza lugha ambayo mimi nilikuwa naisomea kwa kamusi. Jumapili mchana Mkunde alikwenda kuoga, kamera ameiacha kitandani. Niliichukua nikaingia nayo katikati ya kahawa. Nikatoa mpira, nikafungua mlango, nikaivuta ile filamu yote nje, nikaishikilia juani. Halafu nikaizungusha tena vizuri, kama nilivyofundishwa, nikafunga. Haikuchukua muda mrefu kuliko kumenya ndizi.

Alhamisi bibi akafariki.

Ijumaa shangazi alifika studio na sisi, akitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Mpiga Picha akaingia kwenye chumba cha giza na filamu ya Mkunde. Alipotoka, ilikuwa ikining'inia mkononi mwake, nyeusi tii kutoka juu mpaka chini, inadondosha maji sakafuni. Akatutazama wote wawili. Kisha akamgeukia shangazi.

"Mama, nisamehe. Dawa zangu zilikuwa zimeharibika. Kosa ni langu."

Mtu aliyekataa kufuta kovu. Shangazi alilia, akamwambia si kitu, Mungu ndiye apangaye. Mkunde alisimama, macho kwenye ile filamu. Bibi alizikwa na picha pekee iliyokuwepo, ile ya siku ya kipaimara, nusu ya uso nyuma ya mgomba, na watu wote walisema ni yeye kabisa.

Tulipokuwa tunatoka, Mpiga Picha alinirudisha kama mtu aliyesahau kitu. Akafungua kiganja changu akaweka humo kipande cha jani la kahawa, kidogo kama ukucha.

"Lilikuwa ndani ya filamu," alisema. Halafu akaongeza, "Jumamosi njoo mapema."

Mkunde hakurudi studio. Alisema amechoshwa na harufu ya dawa. Alisoma uuguzi, akaolewa Masama, ana ng'ombe wa maziwa na watoto wanne, na sikuwahi tena kumwona na kamera mkononi. Kiti chake nikakikalia mimi. Mpiga Picha alinifundisha yote, kwa miaka, bila kuficha siri hata moja, bila kulitaja lile jani, na bila kuniwekea mkono kichwani. Leo nina studio yangu. Napiga harusi, vipaimara, na wageni wanaoshuka mlimani wakiwa wameungua pua. Vijana wananiambia, "Anti, we ni noma." Naishi kwa kitu ninachokipenda tangu nina miaka tisa. Na kila picha nzuri niliyowahi kupiga, nimewaza Mkunde angeipigaje.

Mara ya mwisho kumwona Mpiga Picha ilikuwa mwaka jana, Julai, ule mwezi ambao mlima haufunguki na watu wanavaa makoti mpaka saa sita. Studio ilikuwa imefungwa zamani. Aliishi kwenye chumba kimoja uani kwa mpwa wake, macho yamekwisha, anaona mwanga na vivuli tu. Nilikuwa na desturi ya kwenda kila Pasaka na kila mwaka mpya na bahasha ya picha zangu, hata baada ya macho yake kufifia. Safari ile nilikwenda bila sikukuu, kwa sababu nilikuwa nimepiga picha moja niliyoona inanitosha: wanawake wanachambua kahawa, na mmoja ameinua macho.

Nilipoingia nilimkuta Mkunde amekaa kwenye kigoda, mguu wa mzee uko pajani kwake, anamkata kucha. Chupa ya maziwa ilikuwa mezani.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Mkunde, na wewe huku?"

"Huja kila wiki ya pili," akajibu mzee kabla yake. "Miaka sita sasa. Hujui?"

Sikujua. Nilikaa, na ule moto wa utotoni ukanipanda kifuani, mtu mzima mwenye mvi. Nikajaribu kucheka. "Na mimi huja, Mzee."

"Ndiyo. Wewe huja nikusahihishe. Huyu huja kuniona." Hakusema kwa ubaya. Akanyoosha mkono. "Lete picha. Mkunde atanisomea."

Mkunde akafuta mikono kwenye kanga, akaishika picha yangu. Alimweleza kila kitu: mikono ilivyo, kahawa ilivyomwagika, yule mama wa tatu anayetazama juu kama aliyeitwa jina. Aliona hata kitoto kilicholala nyuma ya gunia, ambacho mimi sikuwa nimekiona.

"Na yenyewe ikoje?" mzee akauliza.

Mkunde akasita. "Ni nzuri sana. Ila aliyepiga alikuwa mbali kidogo."

Ningependa kusema kwamba nilichofanya baada ya hapo ni toba. Sivyo. Nilitaka kumwumiza.

"Ile filamu ya bibi niliiharibu mimi," nikasema. "Niliifungua juani, kwenye kahawa. Nilijua ninachofanya."

Mkasi wa kucha ukabaki hewani. Mkunde hakunitazama mimi, alimtazama mzee, kisha mlango.

"Mimi nilijua si dawa," akasema taratibu. "Ilikuwa nyeusi. Mzee alisema ni dawa nikajua ananifichia aibu. Nilijua sikuukaza ule mpira. Miaka yote hii nimejua kwamba picha za bibi niliziua mimi, na nikasema sitashika tena kamera ya mtu."

Mzee akafungua mdomo. "Mkunde. Nilidhani nimewafichia wote wawili."

"Ulimfichia mmoja."

Akamaliza kukata ukucha uliobaki, akamvalisha mzee soksi, akachukua mwavuli wake, akatoka bila kuaga. Mpiga Picha aligeuza uso kuelekea mlangoni na machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Hata wakati ule, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba hajawahi kulia kwa ajili yangu.

"Mfuate," akaniambia.

"Nimwambie nini?"

"Sijui. Mimi nilisema nikaharibu. Mfuate tu."

Nilimkuta kwenye kona, anatembea haraka kuelekea stendi. Nikatembea kando yake. Manyunyu yalikuwa yameanza. Tulipita maduka mawili, matatu.

"Umekuja mikono mitupu," akasema mwishoni. "Kwetu mtu akikosa hivyo hutuma jani la isale kuomba msamaha."

"Nitaleta."

"Acha. Utalipiga picha kwanza." Nusu ya mdomo wake ilitaka kucheka, ikaghairi. Tukaenda tena, na nikiwa nimeshakata tamaa akaanza kusema, macho mbele, kama mtu anayesoma kitu kilichobandikwa hewani. "Ya kwanza alikuwa anafunga kanga, kidole kimepita kwenye tundu. Ya pili nilikosea, nikapiga mbuzi. Ya tatu anamenya ndizi za mtori, hatazami kisu. Ya nne zizini, ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, kama anamnong'oneza."

Alizitaja zote, moja baada ya nyingine, baada ya zaidi ya miaka thelathini. Niliziona. Zilikuwa bora kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga, na nilimwonea wivu palepale barabarani, huku nalia. Ya kumi na moja ilikuwa viatu vya bibi mlangoni na yeye hayupo.

"Na ya mwisho?" nikamuuliza.

"Ya mwisho ni wewe."

"Mimi?"

"Ulisimama kwenye mlango wa jiko, ukidhani nampiga bibi. Ulikuwa unaitazama kamera mpaka nikaogopa." Akasimama, akafungua mwavuli, akausogeza kidogo upande wangu. "Ulikuwa mzuri. Sijawahi kumwona mtu anataka kitu namna ile."